Nyumba ya Uzeeni Tuijenge Wapi?

Somo: 2 Samweli 19:31–39

Leo tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulifikiri usiku kitandani, lakini hawalitaji mbele ya wengine. Jambo lenyewe ni hili: kazi ikiisha, tutakaa wapi?

Swali hili limebisha hodi mlangoni petu pia. Kwa miaka mingi tumekaa katika nyumba za kanisa, leo parishi hii, kesho parishi ile. Mchungaji akistaafu, nyumba hiyo humngoja mchungaji mwingine, na ni haki iwe hivyo. Basi sisi wawili, mchungaji na mke wake, tumeketi jioni nyingi tukiwa na karatasi na kalamu mezani. Mmoja wetu alitaka kurudi kwenye shamba la baba, kule mteremkoni chini ya barabara, yalipo makaburi ya wazee. Mwingine alitaka ploti ndogo karibu na soko, kanisa na zahanati. Hatukugombana, lakini kuna jioni tulizokunja karatasi bila kuambiana neno.

Ndipo tulipomkumbuka mzee Barzilai, Mgileadi wa Rogelimu. Mfalme Daudi alipomkimbia Absalomu, Barzilai alikuwa miongoni mwa watu waliomletea vitanda, ngano, maharagwe, asali na kondoo kule Mahanaimu. Vita vilipokwisha, Daudi alimwalika aende kukaa naye Yerusalemu, atunzwe huko. Wasikilizaji, ni nani angekataa kustaafu mjini kwa gharama ya mfalme? Lakini Barzilai alikuwa na miaka 80, naye aliujua mwili wake. Alimweleza mfalme wazi kwamba ulimi wake hauonji tena utamu wa chakula, na masikio yake hayasikii tena waimbaji. Akaomba arudi mjini kwake, karibu na kaburi la baba na mama yake, na mahali pake akamtoa kijana Kimhamu aende na mfalme.

Mzee huyu hakuchagua mahali kwa kuangalia uzuri wake, wala heshima ambayo watu wangempa. Alipima nguvu zake, akachagua mahali panapoufaa mwili dhaifu. Lutu alifanya kinyume chake. Aliinua macho, akaona bonde la Yordani lina maji tele, akalichagua bila kuuliza zaidi, na mwisho wake twaujua sote. Tukichagua pa kuzeekea, tusihesabu siku zetu za nguvu peke yake. Tuihesabu siku ya udhaifu.

Katika parishi moja tuliyotumikia palikuwa na mzee wa kanisa aliyefanya kazi Nairobi zaidi ya miaka 30. Alipopata kiinua mgongo, alijenga nyumba kubwa juu ya kilima, na asubuhi ukifungua dirisha waiona theluji ya Mlima Kenya. Kila mgeni aliisifu. Lakini kutoka lami hadi kwake ni kilomita tisa za udongo, na mvua ndefu za Machi hadi Mei zikianza, matatu hazipandi. Usiku mmoja mama alizidiwa na ugonjwa wa sukari. Gari la jirani lilikwama matopeni, wakafika hospitalini kumekucha. Mungu alimponya mama. Lakini tulipokwenda kuwaona, mzee alituonyesha vyumba vitano vilivyofungwa kwa kufuli, akasema, “Mchungaji, nilijenga nyumba ya wageni. Sikujenga nyumba ya wazee.” Neno hilo hatujalisahau.

Basi tumejiandikia maswali manne, na leo twawagawia nanyi.

Swali la kwanza: tukiugua usiku, nani atasikia, na tutafika hospitali kwa njia gani? Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, imechukua mahali pa NHIF, nasi twawasihi wazee wajisajili. Lakini kadi ya bima haibebi mgonjwa. Tazameni hali ya hewa pia. Nyahururu iko juu ya bahari zaidi ya mita 2,300, na baridi yake ya Julai huuma viungo vyenye maumivu. Mombasa na Malindi kuna upepo mzuri wa bahari, lakini joto lake si dogo kwa mtu aliyezoea milimani. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria kuna malaria zaidi kuliko nyanda za juu, na mtu aliyekaa Nairobi miaka mingi, kinga yake imepungua. Hatusemi msiende huko. Wengi wanazeeka vizuri Kisumu, na wengine Malindi. Twasema, nendeni mkijua, na chandarua kiwe kitandani.

Swali la pili: mapato ya mwezi yatatosha mahali hapo? Tangu 2009, mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60, ambapo hapo awali ilikuwa 55. Kwa neema ya Mungu, aweza kuishi miaka 20 au zaidi baada ya hapo. Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwalipa wazee waliosajiliwa, wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada, lakini haujengi wala haulipi kodi ya nyumba mjini. Bwana wetu alifundisha juu ya mtu aanzaye mnara bila kuketi na kuhesabu gharama, kisha majirani wakamcheka. Hesabuni basi. Andikeni chakula, dawa, maji, umeme, nauli, sadaka, na mabati yatakayovuja siku moja. Nanyuki kunapendeza, lakini wageni na wenye fedha wamekupenda pia, na bei ya ploti imepanda kwa sababu hiyo. Mara nyingi mji mdogo usio na sifa, wenye maji, soko na barabara ya lami, humfaa mstaafu kuliko mji wenye jina kubwa. Wala msiweke kiinua mgongo chote katika kuta. Kuta hazinunui unga.

Swali la tatu: mmoja wetu akitangulia mbele za Bwana, aliyebaki aweza kukaa hapo kwa amani? Wasikilizaji, hapa ndipo machozi mengi hutoka. Tumewazika waume, kisha miezi michache baadaye tumewaona wajane wao wakiulizwa shamba ni la nani. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inamtambua mjane. Lakini ni heri mambo yatengenezwe mapema. Mume na mke waweza kuandikishwa kama wamiliki wa pamoja, ili mmoja akifa, ardhi ibaki mikononi mwa mwenzake. Kabla ya kulipa hata shilingi, nendeni ofisi ya usajili wa ardhi mkachunguze rasmi jina la mwenye hati, na kama shamba lina deni la benki au zuio la korti. Mwiteni mpima ardhi awaonyeshe mawe ya mpaka. Ikiwa ni shamba la kilimo, sheria yataka idhini ya Bodi ya Ardhi. Mwuzaji akiwaharakisha, mwacheni aende zake. Mtu mwaminifu haogopi uchunguzi.

Swali la nne: tutakuwa na kazi gani hapo? Hatusemi kazi ya mshahara. Mzee asiye na mtu wa kumshauri, mtoto wa kumfundisha, wala mti wa kupanda, huzeeka upesi. Barzilai alirudi mahali alipojulikana. Je, pale mnapofikiria kwenda, kanisa litawajua kwa majina? Jumapili mkikosekana, kuna atakayeuliza?

Tena, msinunue kwa kuona mahali siku moja ya jua. Kodisheni chumba mkae hapo mwezi mzima, hasa wakati wa mvua au wa baridi. Choteni maji yake. Pandeni matatu zake na fimbo mkononi. Nendeni zahanati yake siku ya watu wengi, mkahesabu saa mtakazongoja. Kodi ya mwezi mmoja ni ndogo kuliko majuto ya miaka 20.

Nasi tumefanya hivyo. Mwezi wa Aprili tulikaa kwenye shamba la baba. Mahali pale twapapenda, na yule kati yetu aliyepataka alikuwa na furaha siku za kwanza. Siku ya tisa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kupanda kutoka nyumbani hadi barabarani kulituchukua dakika 40, tukishikana mikono, tukisimama mara nne. Tulipofika juu mama akasema, “Baba watoto, leo tuko wawili. Siku moja nitaupanda mlima huu peke yangu, au utaupanda wewe.” Hatukuwa na jibu. Tulisimama pale barabarani huku maji yakitutiririka, na neno likawa limekatwa.

Hivyo tunajenga nyumba ndogo ya vyumba viwili kwenye ploti iliyo karibu na soko, mwendo wa nusu saa kwa matatu kutoka shambani. Haina ngazi. Mlango wa choo ni mpana, na choo kiko ndani. Shamba la baba tutalilima mahindi maadamu tuna nguvu, na makaburi tutayapalilia. Aliyetaka kurudi kwao ameumia kidogo moyoni, hatutawaficha. Alikuwa amewaahidi ndugu zake. Lakini amewaita, akawaeleza kwa unyenyekevu, nao wameelewa kuliko alivyotazamia.

Labda wewe unayetusikiliza una miaka 45, na mambo haya waona yako mbali. Hayako mbali. Leo jioni, baada ya chakula, leteni karatasi na kalamu. Mwulize mwenzako anaogopa nini juu ya uzee, kisha unyamaze usikie. Na ninyi mlio peke yenu, mjane, mseja, mwiteni ndugu mnayemwamini mkae naye mhesabu pamoja. Nanyi wana, msimjengee mama jumba la ghorofa ili watu wawasifu. Mwulizeni kwanza kama magoti yake yanaziweza ngazi.

Twajua kwamba hapa duniani sisi ni wapitaji, na nyumba yetu ya kudumu iko kwa Baba. Lakini hata mpitaji huchagua pa kulala kabla giza halijaingia.

Na tuombe. Ee Bwana, utufundishe kuzihesabu siku zetu za udhaifu tungali na nguvu. Uwape waume na wake kusikilizana. Uwakumbuke wazee wasio na mahali pa kukaa, nawe uamshe makanisa yetu yasiwapite. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.