Dume au Jike? Mfahamu Kasuku Mdogo wa Australia

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hata hivyo, mpenzi msomaji, watu wengi hununua kasuku wadogo wawili, wakaambiwa ati hao ni dume na jike, wakalipa na kwenda zao bila swali hata moja. Miezi inapita, vifaranga hakuna. Hapo ndipo mtu hung'amua kuwa aliuziwa mbuzi ndani ya gunia.

Hasara si ya pesa tu. Madume wawili kwa kawaida hukaa pamoja vizuri, wakiimba na kulishana. Lakini majike wawili katika kizimba kimoja, hasa penye kisanduku cha kutagia, ni hatari. Hupigana, wakaumizana vibaya na hata kuuana. Kwa hivyo kumjua dume na jike si mchezo. Ni kuokoa maisha ya ndege wako.

Kwanza, ni ndege gani huyu? Waingereza humwita bajerigari. Kwao ni Australia, ambako huruka kwa makundi makubwa katika nyanda kavu. Yule wa porini ana urefu wa sentimita 18 hivi, na uzito wa gramu 30 hadi 40 tu. Mwaka wa 1840 mtaalamu wa ndege aitwaye John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai, na tangu hapo wakaenea vizimbani kote duniani.

Sasa tuingie katika kiini cha mambo. Usitazame mkia wala ukubwa wa kichwa. Tazama ile ngozi iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua. Tuiite ngozi ya pua. Kwa ndege aliyekomaa, mambo ni haya:

1. Dume: ngozi ya pua ni ya buluu iliyokolea, na imeenea rangi hiyo moja kote.
2. Jike: ngozi ya pua ni ya hudhurungi. Wakati ambapo hayuko tayari kutaga, huweza kupauka ikawa nyeupe au samawati hafifu sana, lakini utaona viduara vyeupe vimezunguka matundu ya pua.

Huo usamawati hafifu ndio unaowapotosha wengi. Mtu huona usamawati kidogo akasema, "Huyu dume!" Kumbe ni jike.

Je, kifaranga? Huyu anahitaji jicho la makini. Dume mchanga ana ngozi ya pua ya waridi inayoelekea zambarau, rangi moja kote. Jike mchanga ana iliyopauka, na vile viduara vyeupe havikosi. Utamjua mchanga kwa mistari myeusi inayofika hadi kwenye paji la uso, na macho meusi tititi. Akifika miezi mitatu au minne hubadilisha manyoya, paji likawa safi. Baadaye duara jeupe hujitokeza ndani ya jicho. Kama huna haraka, ngoja umri huo ndipo ukate shauri.

Aidha, kuna ndege wanaovunja kanuni. Madume wa manjano au weupe wenye macho mekundu, pamoja na aina fulani ya wenye mabaka, hubaki na ngozi ya pua ya waridi au zambarau maisha yao yote. Ukingoja igeuke buluu utangoja sana!

Jambo jingine: yai si ushahidi kuwa una dume. Jike hutaga hata akiwa peke yake, sawa na kuku asiye na jogoo. Mayai hayo hayaanguliwi. Yaliyorutubishwa huanguliwa baada ya siku 18 hivi.

Tugeukie rangi. Porini ndege huyu ni kijani, uso wa manjano, na mistari myeusi mgongoni. Kijani hicho kimetokea vipi? Manyoya yameumbwa kwa namna ya kutawanya mwanga hata tukaona buluu. Juu ya buluu hiyo kuna rangi ya manjano. Vikichanganyika, tunaona kijani, kama vile katika somo la uchoraji. Basi hesabu ni rahisi. Ondoa manjano, atabaki samawati na uso mweupe. Ondoa weusi uitwao melanini, buluu nayo hupotea, akabaki wa manjano mwenye macho mekundu. Ondoa vyote viwili, umepata mweupe pepe. Isitoshe, ipo chembe ya urithi inayokoleza rangi: kijani huwa kijani kizito au cha zeituni, na samawati huwa buluu nzito au kijivu chenye uzambarau.

Kijani hutawala, samawati hujificha. Kijani wawili waliobeba samawati kwa siri huweza kumzaa mtoto wa samawati. Tarajio ni mmoja kwa kila wanne. Kwa hivyo, ndugu mfugaji, usimshuku jike wako ati ametoka nje ya ndoa! Lakini samawati wawili hawamzai kijani, kwa sababu hakuna kati yao aliye na manjano ya kurithisha. Mwaka wa 2017 watafiti walitangaza kuwa wameitambua chembe inayotengeneza manjano hayo. Badiliko dogo tu ndani yake linatosha kuyafuta.

Hapa sasa rangi na jinsia zinakutana. Kwa binadamu, mwanamume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana. Kwa ndege ni kinyume: jike ndiye mwenye zisizofanana. Chembe ya macho mekundu hukaa kwenye kromosomu hiyo ya jinsia. Mchukue dume wa manjano mwenye macho mekundu, umwoze jike wa kijani asiye na asili hiyo. Mabinti wote watakuwa na macho mekundu kama baba yao, na wavulana wote watakuwa na macho meusi. Utajua jinsia ya kifaranga akiwa bado uchi kiotani! Ukibadilisha wazazi, baba kijani na mama manjano, hila hii haifanyi kazi.

Mwisho, ngozi ya pua husema pia habari za afya. Jike anapokuwa tayari kutaga, ngozi yake huwa nene na yenye magamba. Hiyo ni kawaida, usiikwangue. Lakini ukiona ukoko wenye vitundu vidogo kama sega la nyuki, hao ni utitiri. Na dume aliyekuwa na buluu akianza kugeuka hudhurungi, huenda ana uvimbe kwenye korodani. Katika hali zote mbili mpeleke kwa daktari wa mifugo upesi, kwani kawia ufike haimfai mgonjwa.

Basi, mwanachama mwenzangu, siku utakapokwenda kununua, mwambie muuzaji amsogeze ndege penye mwanga wa jua. Itazame ngozi ya pua, tazama paji, tazama macho. Akikataa, funga pochi yako uende zako.