Maji ya zamani ya rejeta ni sumu tamu

Jumamosi moja jioni, fundi wa malori alimleta mwanawe wa miaka minne katika kliniki yangu akiwa amembeba mgongoni. Mtoto alikuwa akiyumba, akitapika na kutamka maneno yasiyoeleweka. "Daktari, naona ameonja pombe kwa jirani," baba alinieleza.

Nami nilikaribia kuamini hivyo. Lakini kinywa cha mtoto hakikuwa na harufu ya pombe hata kidogo, na alikuwa akihema kwa kasi kama mtu aliyetoka mbioni. Nikamuuliza baba alishinda akifanya kazi gani. Akasema alikuwa amemwaga maji ya rejeta ya lori, na masalio akayatia katika chupa ya soda ili ayatumie baadaye. Chupa hiyo ndiyo mtoto aliyoiona.

Msomaji, maji hayo ya kijani au mekundu ambayo mafundi huyaita kulanti si maji matupu. Mengi yamechanganywa na ethilini glikoli, kemikali inayozuia maji ya injini kuchemka upesi. Kemikali hiyo ina ladha tamu. Kiasi cha mililita 100, yaani chini ya nusu kikombe cha chai, chaweza kumuua mtu mzima asipotibiwa. Kwa mtoto mdogo, vijiko vichache vinatosha.

Wengi hudhani kulanti ikichakaa sumu nayo imekwisha. La hasha! Kinachokwisha ni dawa ya kuzuia kutu. Glikoli hubaki, na maji hayo aghalabu huwa yameongezewa madini kama risasi kutoka katika rejeta kuukuu.

Hudhuru vipi?

Ikishaingia mwilini, ini huivunja glikoli na kuigeuza kuwa asidi. Katika saa chache za kwanza mgonjwa huonekana kama mlevi. Baadaye huweza kuonekana amepata nafuu, na hapo ndipo jamaa hudanganyika wakamrudisha kitandani. Kisha huanza kuhema kwa nguvu na moyo kwenda mbio. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu, chembechembe ngumu huziba figo, mkojo ukapungua au ukakatika kabisa.

Sumu hii si ngeni kwa wazazi. Mnamo Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za watoto zilizopatikana Gambia zikiwa na ethilini glikoli na ndugu yake, daiethilini glikoli. Dawa hizo zilihusishwa na vifo vya watoto 66 walioharibika figo.

Kumwaga hadi tone la mwisho

Kwanza, usiguse mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto. Mfuniko huo hubana maji kwa presha, hata yakaweza kupita nyuzi 100 za joto bila kuchemka. Ukiufungua, yatakurukia usoni na kifuani. Nimewatibu madereva walioungua hivyo baada ya lori kupata moto mlimani. Subiri saa kadhaa hadi rejeta ipoe, kisha ufungue mfuniko polepole kwa kitambaa kinene.

Egesha lori mahali tambarare. Vaa glavu za mpira, weka beseni pana chini, ndipo ufungue koki iliyo chini ya rejeta. Maji yakikatika, usidhani umemaliza. Mengine yamebaki katika bloku ya injini, katika mipira, katika tangi dogo la akiba na katika hita. Fungua bolti ya kumwagia iliyo kwenye bloku, na uweke swichi ya hita upande wa joto. Masalio yaliyosahauliwa ndiyo humwagika siku nyingine wakati hakuna beseni, yakaacha kidimbwi ambacho mbwa, kuku au mtoto atakijaribu.

Suuza kwa maji safi hadi yatoke meupe. Maji ya kusuuzia pia yana sumu, basi yakinge vilevile. Lori kubwa huweza kutoa lita 30 au zaidi, kwa hivyo tayarisha mitungi ya kutosha kabla ya kushika spana.

Tia kulanti yote katika mtungi wenye kifuniko kinachokaza, uandike SUMU, uufungie mahali watoto hawafiki. Kamwe usitumie chupa ya soda, ya maji ya kunywa wala mtungi wa mafuta ya kupikia. Usiimwage mtaroni wala mtoni. Wapo wasafirishaji wa taka hatari wenye leseni ya NEMA, wape hao.

Ajali ikitokea

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, unga wala mafuta. Aliyekunywa kulanti asilazimishwe kutapika, wala msingoje dalili. Mkimbizeni hospitali kubwa mara moja, mkibeba na chombo alichonywea. Hospitalini ipo dawa ya kulizuia ini lisiivunje glikoli, na mashine ya kusafisha damu ikihitajika. Kila saa inayopotea huzidisha madhara kwa figo.

Yule mtoto nilimpeleka hospitali kubwa usiku uo huo. Alisafishwa damu, na baada ya wiki tatu akarudi nyumbani akiwa mzima. Baba yake angali fundi, ila sasa chupa za soda hazihifadhi chochote katika gereji yake. Nawe tazama chini ya benchi yako ya kazi leo, kabla mtoto hajatazama.