Finjani ya Moto Katikati ya Kaskazi

Msomaji mmoja wa Tanga ametuletea swali. Babu yake na rafiki zake wanakaa baraza moja tangu ujana wao. Kila alasiri, iwe kusi iwe kaskazi, wanakunywa kahawa chungu inayofuka. Mwezi wa Februari anawaona jasho likiwatiririka, na wenyewe wanashikilia kwamba kahawa inawapoza. Anataka kujua kama wazee wana hoja, au ni mazoea tu yaliyopewa maelezo.

Wana hoja, mwanangu, na hoja yenyewe ni tamu kuliko kashata wanayoitafuna.

Kwamba jasho hupoza mwili kila mtu anajua, tusimalize wino hapo. Kinachosahaulika ni hesabu. Chukua finjani ya mililita 60, kahawa ikiwa na nyuzi 60 za Selsiasi. Ikishapoa tumboni hadi nyuzi 37, joto la mwili, itakuwa imeacha humo kilojouli 6 hivi. Usishtuke: kwa mtu wa kilo 70 joto hilo halimpandishi hata sehemu tatu za mia za nyuzi moja. Jasho nalo, kila gramu moja inayokauka juu ya ngozi huondoka na karibu kilojouli 2.4. Basi gramu mbili na nusu za jasho, yaani nusu ya kijiko cha chai, zinalipa deni lote la finjani. Jasho litakalozidi hapo ni faida ya mnywaji.

Je, huzidi? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa nchini Kanada, akiwemo Ollie Jay, waliwapandisha wanaume kwenye baiskeli za mazoezi, zile zisizokwenda popote, wakawanywesha maji ya nyuzi 1.5, 10, 37 na 50 kwa siku tofauti. Siku ya maji ya nyuzi 50 miili yao ilibaki na joto dogo kuliko siku ya maji ya barafu. Walikunywa joto, wakatoka jasho lililobeba joto kubwa zaidi ya lile walilokunywa.

Sasa tufike ninapopapenda. Nani aliyeziambia tezi za jasho kwamba kahawa imeingia? Si damu, kwa maana tumeona damu haipati joto la maana. Mwaka 2014 maabara hiyo hiyo iliuliza swali hilo kwa njia ya ukatili kidogo. Waendesha baiskeli walisukutua maji ya moto na ya baridi wakayatema, na jasho halikubadilika. Kisha maji yakapelekwa moja kwa moja tumboni kwa mrija uliopitishwa puani, bila kugusa ulimi. Hapo jasho likabadilika: la maji ya moto likapanda, la maji ya baridi likashuka, na joto la mwili wenyewe likiwa bado halijasogea. Mjumbe yuko tumboni.

Vitabu vya shule huwaita wajumbe hawa vipokezi. Sina ugomvi na neno hilo, ila mpokezi hupokea tu akanyamaza, na hawa hawanyamazi. Nitawaita mabawabu, wahariri wangu wakasirike wakipenda.

Fikiria nyumba yenye shughuli ya harusi. Bawabu amekaa mlangoni, jiko liko uani, na kati yao kuna ukumbi mrefu. Bawabu huyu hana kazi ya kuhesabu wageni. Kazi yake ni kupiga ukelele. Akiona watu watatu wanakata kona, anapeleka habari: wageni wamefika! Mpishi mkuu, ambaye kwetu sisi ni sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi, hatoki kwenda kuhakikisha. Anaamrisha masufuria yote yapande motoni. Wale watatu wanakula, wanashiba, na pilau imebaki ya mtaa mzima. Pilau hiyo iliyobaki ndiyo ubaridi anaoupata babu yako. Akija mgeni wa soda ya barafu mambo hugeuka: bawabu anapeleka habari kwamba leo hakuna mtu, mpishi anafunika masufuria, na wageni halisi waliokwisha kujaa ukumbini, yaani joto la Februari, wanakaa na njaa yao. Isitoshe, ukelele wa bawabu haudumu. Akishaona mlango umetulia, hunyamaza, na jiko hupunguza moto hadi aitwe tena.

Mdomoni nako kuna bawabu, ila huyo ana mgeni wake. Mwaka 1997 David Julius, Mmarekani aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, alimtambua: ni protini iitwayo TRPV1, mlango mdogo katika neva unaofunguka kwa joto la nyuzi 43 hivi na pia kwa kiini cha ukali wa pilipili. Ukali wa tangawizi na wa pilipili manga humfungua vilevile. Ndiyo maana mla pilipili hutokwa jasho la uso hata chakula kikiwa kimepoa, jambo lililopimwa kwa makini Singapore na kuchapishwa mwaka 1954. Mpika kahawa anayetia tangawizi kwenye dele anawaamsha mabawabu wawili kwa finjani moja.

Lakini jasho halipozi mpaka likauke, na linalodondoka chini limepotea bure. Hapa ndipo misimu inapoingia. Mchana wa Machi mjini Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na hewa imejaa unyevu. Upepo wa kaskazi ukivuma, hesabu yetu inasimama. Ikifika tangambili, kaskazi imekata na kusi haijashika, hewa imelala kama haipo, jasho linatiririka bila kukauka, na finjani inakuwa moto mtupu. Julai, kusi ikitawala na mchana ukiishia nyuzi 27 au 28, hakuna anayehitaji kupozwa, na kahawa ile ile hunyweka kwa sababu nyingine. Mahali pa baraza nako kuna maana: nje ya nyumba, kivulini, mdomoni mwa uchochoro, saa ambazo upepo wa bahari unapanda. Sidhani kama waliojenga walikuwa wanatafuta nafasi tu.

Kahawa iliyozidi nyuzi 65 si ya kumeza. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilionya mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto kiasi hicho huenda vikasababisha saratani ya umio. Ipulizeni.

Turudi kwa yule bawabu anayenyamaza haraka. Bilauri moja kubwa ya kahawa humwita mara moja. Finjani ndogo, inayokwisha kwa mafunda machache na kujazwa tena kutoka dele lililokaa juu ya seredani, humwita kila robo saa. Ila anayekunywa hivyo lazima akae, na hakuna anayekaa saa mbili kwenye joto na watu asiokuwa na la kusema nao. Wanaoweza ni wale wanaojuana tangu madrasa, wanaosimuliana kisa kimoja kwa mara ya mia na kubishana nani alianza. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kahawa ya baraza bila marafiki wa zamani haipozi ipasavyo.

Marafiki wenyewe wana kemia yao. Watafiti wa Turku, Finland, walionyesha mwaka 2017 kwa picha za ubongo kwamba nusu saa ya kucheka na marafiki wa karibu humwaga ubongoni kemikali za jamii ya endofini, zile zinazotuliza maumivu. Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walikuwa wameona mwaka 2012 kwamba aliyetoka kucheka na wenzake huvumilia maumivu zaidi. Magoti yaliyozeeka yanaketi saa mbili juu ya baraza la saruji, na sasa mnajua kwa nini. Kuna na utafiti maarufu wa 2008 uliodai kwamba kushika kikombe cha moto humfanya mtu amwone mwenzake mwema. Uliporudiwa na wengine kwa watu wengi zaidi, matokeo yale hayakuonekana, basi tuuache.

Ninachokitafuta sasa ni tangawizi. Wapika kahawa wa Lamu, Kilwa, Pangani na Unguja, mnatia kiasi gani kaskazi, na kiasi gani kusi? Tuandikieni, na mtaje mnapima kwa kijiko au kwa mkono.