Barua za Mtunzi kwa Mwalimu Wake: Zinamfaa Vipi Mhakiki?

Huenda umewahi kusahihisha insha ambayo mtahiniwa amesimulia maisha ya mtunzi ukurasa mzima, kisha tamthilia yenyewe akaigusa kwa sentensi mbili. Alama zake huwa haba. Je, habari za mtunzi, hasa barua zake, zitumiweje?

Tumtazame Eugene O'Neill, mtunzi wa tamthilia wa Marekani aliyetunukiwa Nobel mwaka wa 1936. Mwaka wa 1914 alimwandikia Profesa George Pierce Baker wa Chuo Kikuu cha Harvard, akiomba kujiunga na darasa lake la utunzi wa tamthilia. Alieleza kwamba alikuwa mwana wa mwigizaji, na kwamba alikusudia kuwa msanii kamili au asiwe chochote. Alikubaliwa. Baker alipofariki mwaka wa 1935, O'Neill aliliandikia gazeti la New York Times akimsifu: jambo kuu alilowapa wanafunzi wake lilikuwa kuiamini kazi yao.

Unaposoma barua kama hizi, jiulize: iliandikwa lini? Kwa nani? Kwa lengo gani? Ya kwanza ni ya mwombaji, na mwombaji hujinadi. Ya pili ni ya mfiwa, na marehemu hutajwa kwa wema. Hakuna inayodhihirisha kwamba mwalimu na mwanafunzi walikubaliana katika kila jambo. O'Neill mwenyewe alisimulia kwamba Baker alipoisoma Bound East for Cardiff, alisema haikuwa tamthilia hata kidogo. Hata hivyo, mwaka wa 1916 kundi la Provincetown Players liliigiza kazi hiyo, na O'Neill akaanza kujulikana.

Nani alikuwa sahihi? Barua hazitatuamulia, matini ndiyo itakayoamua. Baharia Yank yu mahututi kitandani melini, akizungumza na rafikiye Driscoll. Matukio ni machache, hivyo anayetafuta msuko wenye vituko ataona upungufu. Lakini mgogoro upo: mtu na mauti, mtu na maisha aliyoyapoteza baharini. Ukungu nje ya meli unaijenga hali hiyo.

Mwalimu mwenzangu, wafundishe wanafunzi kuanza na mazungumzo, vitendo na maelekezo ya jukwaani. Nawe mtahiniwa, barua ya mtunzi ikupe swali la kuuliza. Jibu ulitoe katika tamthilia.