HITILAFU ZA HITA ZA MAJI ZA GESI PENYE BARIDI

Wakazi wa Karatu, pamoja na watumishi waishio ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, wanafahamishwa kuwa hitilafu nyingi za hita za maji za gesi hukaguliwa nyumbani kabla ya kumwita fundi.

Hita isipowaka, itazamwe kwanza betri, kisha nguvu ya maji. Nyingi hazifungui gesi mpaka maji yapite kwa msukumo wa kutosha. Tangi lililowekwa chini mno, au chujio lililojaa mchanga, huizuia.

Moto ukififia alfajiri za Juni hadi Agosti ilhali mtungi ungali na gesi, yaelekea sababu ni baridi. Butani huchemka karibu na nyuzi 0 za Sentigredi, hivyo penye baridi kali hugeuka mvuke kwa shida. Mtungi usipashwe moto kwa namna yoyote. Heri kungoja jua.

Jambo zito zaidi ni rangi ya moto. Moto wa manjano wenye masizi huonyesha upungufu wa hewa, na huku juu hewa ni nyepesi. Moto huo hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Aonaye kizunguzungu au kuumwa kichwa bafuni atoke nje mara moja, na hita izimwe. Hita isifungwe ndani ya bafu, wala matundu ya hewa yasizibwe kwa kukimbia baridi.

Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.