Mhusika anapotekwa nyara: Jinsi ‘The Eyre Affair’ inavyogeuza fasihi kuwa ushahidi

JAMBAZI anaiba mswada asilia wa riwaya mashuhuri. Kwa kutumia mtambo wa ajabu, genge lake linapenya ndani ya kurasa, linamnyakua mhusika mkuu na kumleta katika ulimwengu wa watu wa kawaida. Papo hapo kila nakala ya riwaya hiyo, iwe ya maktaba kuu au ya mtoto wa shule, inakatika katikati ya kisa. Polisi wanaitwa.

Hicho ndicho kiini cha The Eyre Affair, riwaya ya kwanza kuchapishwa ya mwandishi Mwingereza Jasper Fforde. Ilitoka mwaka 2001 baada ya mwandishi huyo, ambaye alikuwa akifanya kazi katika upigaji wa filamu, kupokea barua 76 za kukataliwa na wachapishaji. Ni riwaya ya upelelezi, ya fantasia na ya kuchekesha, yote kwa pamoja.

Katika hadithi nyingi, marejeleo ya kazi za waandishi wengine huwa kama dania juu ya mchuzi: ladha huongezeka, lakini hata yakikosekana chakula huliwa. Kwa Fforde, marejeleo hayo ndiyo chakula chenyewe. Uhalifu upo kwa sababu vitabu vipo, na anayeweza kuufumbua ni yule ajuaye kusoma kwa makini.

Wahakiki huuita uhusiano wa namna hii mwingilianomatini, dhana iliyopewa jina na mwananadharia Julia Kristeva katika miaka ya 1960. Maana yake ni kwamba hakuna kazi ya fasihi inayozaliwa peke yake. Kila matini huitikia zilizotangulia. Fforde ameichukua dhana hiyo ya darasani akaigeuza kuwa tukio la kipolisi.

Taifa la wasomaji

Kisa kinatukia Uingereza mwaka 1985, lakini si Uingereza inayojulikana na wanahistoria. Vita vya Krimea, ambavyo kwa hakika vilimalizika mwaka 1856, bado vinaendelea. Wales ni jamhuri huru ya kisoshalisti. Dodo, ndege aliyetoweka duniani katika karne ya 17, anafugwa majumbani.

Kikubwa zaidi, watu wa nchi hiyo wanapenda fasihi jinsi wengine wanavyopenda kandanda. Mashabiki wa mshairi John Milton wamejipa jina lake kwa wingi hata inabidi watofautishwe kwa nambari. Wanaoamini kwamba tamthilia za Shakespeare ziliandikwa na Francis Bacon hubisha hodi mlango hadi mlango wakitafuta wafuasi. Katika ukumbi mmoja mjini Swindon, hadhira inayotazama Richard III huwaitikia waigizaji kwa sauti, mithili ya waimbaji wanaompokea kiongozi wa wimbo.

Katika nchi ya aina hiyo, kuwa na kikosi cha wapelelezi wa fasihi si ajabu. Mmoja wao ni Thursday Next, mwanamke wa miaka 36 aliyepigana Krimea na kumpoteza kakaye huko. Ndiye mhusika mkuu, na ndiye anayesimulia.

Dhihaka hiyo ina makali yake. Taifa linalolia kwa ajili ya mhusika wa kubuni ndilo linaloendelea kuwapeleka vijana wake vitani kwa zaidi ya karne moja. Nayo kampuni ya Goliath, iliyopewa jina la jitu la Biblia, inautaka mtambo wa kuingilia vitabuni ili uzalishe silaha za vita hivyo. Msomaji anacheka, kisha anajiuliza iwapo kupenda vitabu peke yake kunamfanya mtu kuwa mwema.

Msimulizi akitoweka

Mbinu iliyo na uzito kuliko zote inatokana na jambo ambalo kila mwanafunzi wa fasihi hulisoma: nafsi ya usimulizi. Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë iliyochapishwa mwaka 1847, inasimuliwa na Jane mwenyewe. Jambazi Acheron Hades anapomteka Jane, hakuna tena sauti ya kusimulia. Kitabu kinabaki kurasa tupu. Endapo riwaya hiyo ingesimuliwa katika nafsi ya tatu, huenda ingeendelea bila yeye, japo kwa kuchechemea.

Fforde haishii hapo. Anauliza: ikiwa kila kinachoandikwa ni kile anachokiona Jane, je, wahusika wengine hufanya nini wakati Jane hayupo? Jibu lake ni kwamba wako huru. Edward Rochester, bwana wa jumba la Thornfield, anaweza kutoka kitabuni, akamwokoa Thursday aliyepigwa risasi jijini London, akarejea kwake kabla ya zamu yake ya kuonekana. Thursday naye anapoingia Thornfield kumvizia Hades, inambidi ajihadhari asipite mbele ya macho ya Jane, la sivyo ataandikwa.

Kwa njia hiyo, kanuni ya usimulizi inakuwa kanuni ya upelelezi. Kile kinachoweza kuonekana, na nani wa kukiona, ndiyo maswali ambayo mpelelezi na mhakiki huuliza kwa pamoja.

Kabla ya kumteka Jane, Hades alikuwa ameiba mswada wa Martin Chuzzlewit, riwaya ya Charles Dickens iliyochapishwa kwa sehemu kati ya 1843 na 1844. Alimtoa humo mhusika mdogo aitwaye Quaverley, akauawa, na jina lake likafutika katika nakala zote. Msomaji mwenye shaka akiifungua Martin Chuzzlewit iliyo kwenye rafu yake, hatamwona Quaverley. Hicho ni kinaya cha hali ya juu: kutokuwepo kwake ndiko kunakotumika kuthibitisha kwamba aliwahi kuwepo.

Miisho miwili

Wanaoijua Jane Eyre hushtuka mapema. Katika ulimwengu wa Thursday, riwaya hiyo humalizika kwa Jane kwenda India pamoja na kasisi St John Rivers, na wasomaji wengi wanalalamika kwamba mwisho huo hauridhishi. Mwisho unaojulikana na ulimwengu wetu, ambapo Jane anarudi kwa Rochester aliyepofuka na kupoteza mkono, haujaandikwa bado.

Ni mapambano ya Thursday na Hades huko Thornfield, jumba likiteketea, yanayouleta mwisho huo. Hivyo basi, mpelelezi anayetumwa kukilinda kitabu ndiye anayekibadilisha. Swali linalobaki ni zito: je, hadithi ni mali ya aliyeitunga, au ni ya wanaoisoma? Jean Rhys aliliuliza swali lilo hilo kwa uchungu mwaka 1966 katika Wide Sargasso Sea, alipompa sauti mke wa Rochester aliyefungiwa darini. Fforde analiuliza kwa kicheko.

Aidha, maisha ya Thursday yanafuata ruwaza ya maisha ya Jane. Mpenzi wake Landen, aliyepoteza mguu vitani, anakaribia kuoa mwanamke mwingine. Harusi hiyo inasimamishwa na wakili Briggs, yule yule anayeisimamisha harusi ya Jane na Rochester katika kitabu cha Brontë. Asiyemjua Briggs ataiona hiyo kuwa sadfa ya kuchekesha. Amjuaye ataona deni likilipwa.

Majazi na mzaha

Majina nayo yanafanya kazi. Acheron ni mto wa kuzimu katika visasili vya Wagiriki, na Hades ndiye mtawala wa huko. Mjomba Mycroft, aliyevumbua mtambo wa kuingilia vitabuni, ana jina la kaka yake Sherlock Holmes. Mwandishi wa kubuni anayenukuliwa mwanzoni mwa baadhi ya sura anaitwa Millon de Floss, jina lililofinyangwa kutokana na The Mill on the Floss ya George Eliot.

Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa mchezo huu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimleta Bwana Msa na kiko chake pamoja na rafikiye Najum, wawili wanaowakumbusha wengi Holmes na Watson. Hata hivyo, Abdulla alilichukua umbo la mpelelezi akalipa maisha ya Zanzibar. Mtu anaweza kuifurahia riwaya yake bila kumjua Holmes kamwe.

Tofauti nyingine iko katika mapokeo. Uhalifu wa Hades unawezekana tu pale ambapo watu wanaamini katika mswada mmoja asilia. Ngano za sungura na fisi hazina mswada wa kuibwa. Kila mtambaji huziongezea na kuzipunguzia, na hakuna anayeita polisi.

Kasoro

Riwaya hii ina udhaifu wake. Hades ni mwovu kwa kuwa anapenda uovu, basi. Nafsi yake haichunguzwi. Mizaha mingi ya majina imefungwa katika matamshi ya Kiingereza, na mfasiri yeyote angetokwa jasho. Mbio za visa wakati mwingine haziwapi wahusika nafasi ya kupumua.

Lakini Fforde hamwachi nje asiyesoma Jane Eyre. Njiani, mhusika mmoja anamsimulia mwenzake muhtasari wa riwaya hiyo, na msomaji anasikiliza pamoja naye. Ushahidi unawekwa mezani kabla ya kesi kuanza, kama inavyopasa katika hadithi ya upelelezi.

Hapo pana kipimo kinachowafaa walimu na wanafunzi. Wanapokutana na mdokezo wa kifasihi katika kazi yoyote, waufute akilini kisha waisome sehemu hiyo upya. Akiondolewa Millon de Floss, msomaji hupoteza tabasamu moja tu. Akiondolewa Briggs, harusi ya Landen inaendelea, na kisa cha Thursday kinaishia pengine kabisa.