Kishikwambi cha Ng'ambo na Mtandao wa Nyumbani

Kishikwambi, yaani kompyuta bapa inayoendeshwa kwa kugusa kioo na ambayo ukubwa wake uko kati ya simu ya mkononi na kompyuta mpakato, kilijulikana na wananchi wengi wa Tanzania kupitia Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022, ambapo makarani walipita kaya kwa kaya wakiandika takwimu ndani ya vifaa hivyo badala ya kwenye madodoso ya karatasi, na baada ya kazi hiyo Serikali ikaamua vigawiwe walimu. Kifaa hicho sasa kinatafutwa na mwanafunzi anayesoma vitabu vya kidijitali, mfanyabiashara anayetunza hesabu za duka, na mzazi anayetaka kuonana kwa video na mtoto aliye mbali. Kwa kuwa bei za nje ya nchi mara nyingi husikika kuwa nafuu, wengi hukinunua au kuletewa kutoka ng'ambo, na hapo ndipo linapozuka swali la iwapo kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine kitafanya kazi ipasavyo nyumbani.

Katika Kifaru, kwenye tambarare zilizo chini ya Milima ya Upare, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Same na Mwanga kuelekea Moshi, ng'ambo ina sura mbili. Ya kwanza iko karibu: ni Taveta, mji wa Kenya unaofikiwa kwa kupitia Himo na kuvuka mpaka Holili, ambako tangu mwaka 2016 kuna Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani kinachowaweka maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Ya pili iko mbali: ni Dubai, Muscat, London au miji ya Marekani, ambako ndugu wanaofanya kazi au kusoma hununua kishikwambi na kukituma nyumbani kama zawadi. Sura hizo mbili zina matatizo tofauti, lakini kanuni ni moja, kwamba unafuu wa kishikwambi hupimwa kwa mtandao, umeme, sheria na matumizi ya mahali kitakapokaa, na bei ya dukani ni sehemu moja tu ya hesabu hiyo.

Masafa na vivuli vya milima

Jambo la kwanza la kutambua ni kwamba vishikwambi vya muundo mmoja hutolewa katika aina mbili, aina inayotumia Wi-Fi peke yake na aina yenye nafasi ya laini ya simu, na kwa macho aina hizo zinaweza kufanana kabisa. Samsung Galaxy Tab A8, kwa mfano, inapoandikwa SM-X200 ni ya Wi-Fi tu, na inapoandikwa SM-X205 hupokea laini. Aina ya Wi-Fi huwa na bei ya chini, na humfaa mtu mwenye intaneti ya waya ofisini au nyumbani, lakini katika kijiji ambako karibu intaneti yote hutoka kwenye minara ya simu, mwenye kifaa hicho atalazimika kila mara kuomba intaneti kutoka kwenye simu yake, jambo linalomaliza chaji ya simu na kumtaka awe na vifaa viwili kila aendako.

Hata kishikwambi chenye nafasi ya laini hakina uhakika wa kushika kila mtandao, kwa sababu mawasiliano ya simu husafiri kwenye masafa, yaani njia za mawimbi ya redio zinazopimwa kwa megahezi, na kila nchi hugawa masafa yake kwa mpango wake. Mtandao wa 3G nchini Tanzania hutumia masafa ya 900 na 2100, ilhali Marekani ulijengwa zaidi juu ya 850 na 1900. Na miongoni mwa masafa yanayobeba 4G nchini Tanzania yamo ya 700, 800 na 1800, ambayo kwa namba za kimataifa huitwa Bendi ya 28, ya 20 na ya 3. Mnunuzi hapaswi kuridhika kwa kuona namba 700 kwenye orodha ya kifaa cha Marekani, kwani huko masafa hayo yamepangwa kwa Bendi za 12, 13 na 17, ambazo haziwezi kutumika mahali pa Bendi ya 28. iPad za miaka ya karibuni hubeba bendi nyingi kwa pamoja na kwa kawaida hazina tatizo hili, lakini vishikwambi vya bei nafuu vilivyotengenezwa kwa ajili ya kampuni moja ya simu ya Marekani huweza kukosa bendi muhimu.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa watu wa Upare. Masafa ya chini, kama 700 na 800, hufika mbali zaidi na hujipinda vizuri zaidi kwenye vikwazo kuliko masafa ya juu, hivyo ndiyo yanayotegemewa pale ambapo mnara uko mbali au umezibwa na mlima. Kishikwambi kisicho na bendi hizo kinaweza kufanya kazi vizuri Moshi mjini, ambako minara iko karibu karibu, kisha kikabaki bila 4G katika mabonde ya Ugweno na Usangi au kwenye vijiji vilivyo nyuma ya vilele vya Upare Kusini.

Kufuli zisizoonekana

Kikwazo cha pili ni kufuli, ambazo ziko za aina mbili. Kufuli ya mtandao huwekwa na kampuni ya simu iliyouza kifaa kwa mkopo au kwa punguzo la bei, ili kisikubali laini ya kampuni nyingine mpaka deni liishe au masharti yatimizwe. Desturi hiyo ingali imeenea Marekani, lakini Uingereza kampuni za simu zilikatazwa kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Kufuli ya akaunti hukifunga kifaa kwa barua pepe na nywila ya mwenye nacho wa kwanza, ili kikiibwa kisiweze kutumika, na ipo katika iPad na katika vifaa vya Android vilivyotoka tangu mwaka 2015. Fundi simu hodari anaweza kubadili kioo au betri, lakini kufuli ya akaunti huondolewa kihalali na mwenye akaunti mwenyewe, kwa hiyo anayetuma kishikwambi alichokwisha kukitumia hana budi kutoka kwenye akaunti yake na kukirejesha katika hali ya kiwandani kabla hakijasafiri.

Nafasi ya laini nayo inabadilika. iPad Pro iliyotoka mwaka 2024 haina tundu la laini ya plastiki, bali hutumia eSIM, yaani laini iliyomo ndani ya kifaa inayowashwa kwa programu, na hivyo mnunuzi anapaswa kuthibitisha kwanza kwamba kampuni yake ya simu nchini inamwashia laini ya aina hiyo kwenye kishikwambi.

Programu na pesa za simu

Baadhi ya vishikwambi vya bei ya chini sana hupungukiwa upande wa programu. Fire, kishikwambi cha kampuni ya Amazon, huja bila duka la programu la Google na hutumia duka la Amazon lenyewe. Vifaa vipya vya Huawei vimekosa huduma za Google tangu Marekani ilipoiwekea kampuni hiyo vikwazo mwezi Mei 2019. Na vifaa vya kampuni mbalimbali vilivyokusudiwa soko la ndani la China mara nyingi havina huduma hizo, hata vinapouzwa Dubai. Mwanafunzi anayehitaji darasa la Google au YouTube ya kawaida anaweza kujikuta na kifaa kizuri kwa umbo lakini kisichoweza kufanya alichonunuliwa.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji wa ng'ambo hawalifikirii, nalo ni menyu za nyota na reli. Mtanzania hufungua M-Pesa kwa *150*00# na hununua kifurushi cha Vodacom kwa *149*01#, lakini iPad haina uwezo wa kupiga namba hizo, na vishikwambi kadhaa vya Android huruhusu intaneti bila kupiga simu. Laini iliyomo ndani ya kifaa cha namna hiyo italazimika kununuliwa kifurushi kutoka kwenye simu nyingine au kupitia programu ya kampuni, na haifai kuwa laini pekee ambayo mtu anawekea fedha zake.

Umeme, kodi na usajili

Umeme ndilo eneo lenye hofu nyingi kuliko hatari yake. Tanzania hutumia volti 230 na Marekani volti 120, lakini chaja nyingi za vishikwambi zimeandikwa 100–240V, maana yake hupokea zote mbili, na kinachohitajika ni adapta ya plagi tu. Kenya na Uingereza hutumia plagi ya miguu mitatu bapa inayotumika pia Tanzania, hivyo chaja ya Taveta huingia kwenye soketi ya Kifaru bila nyongeza yoyote.

Kuhusu kodi, wapo wanaoamini kwamba kila kinachonunuliwa Taveta huvuka bure kwa sababu Kenya na Tanzania zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nafuu ya Jumuiya hutegemea mahali bidhaa ilipotengenezwa, na cheti rahisi cha uasili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani ni cha bidhaa za nchi wanachama, si cha kishikwambi kilichotoka kiwandani Asia. Juu ya hayo, msamaha wa Kodi ya Ongezeko la Thamani uliotolewa na Tanzania mwaka 2021 kwa simu janja, vishikwambi na modemu uliondolewa mwaka 2022, na kiwango cha kawaida cha kodi hiyo Tanzania Bara kwa bidhaa zinazoingizwa ni asilimia 18. Bei ya Kenya tayari ina kodi ya nchi hiyo ya asilimia 16, hivyo mnunuzi anapaswa kutunza risiti, kukitaja kifaa chake kwa maofisa wa Holili, na kuuliza kiwango kabla ya kununua.

Mwisho ni usajili. Kila kifaa chenye nafasi ya laini kina IMEI, namba ya utambulisho yenye tarakimu 15, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo mwezi Juni 2016 ilizima simu bandia nchini kote, imeweka utaratibu wa kuihakiki kwa kutuma namba hiyo kwenda 15090. Laini yenyewe husajiliwa kwa kitambulisho cha Taifa na alama za vidole, kwa hiyo kishikwambi hakipaswi kutumia laini ya mtu asiyejulikana.

Kwa kupima yote hayo, kununua ng'ambo kuna faida kwa anayetafuta kifaa cha daraja la juu kilicho huru, kipya na chenye bendi nyingi, lakini kwa kishikwambi cha kawaida cha mwanafunzi, duka la Moshi linalotoa risiti na dhamana inayodaiwa hapa hapa mara nyingi ndilo lenye unafuu wa kweli. Ndugu walio nje wanaombwa kutuma nyumbani namba kamili ya muundo kabla ya kulipa, ili masafa, kufuli na programu vikaguliwe wakati fedha bado ziko mfukoni.